Umaarufu Hauokoi Jengo

Katika mijadala kuhusu majengo ya kale, hoja moja hurudiwa mno: kwamba jengo lenye thamani litajilinda lenyewe, kwa kuwa jamii haiwezi kuangamiza inachokienzi. Siikubali hoja hiyo, na ushahidi wangu ni baa moja ya Southwark, kusini mwa mto Thames jijini London.

The George Inn ilijengwa upya mwaka 1677, baada ya moto wa 1676 kuteketeza sehemu kubwa ya mtaa huo. Ilikuwa nyumba ya wageni kwa wasafiri wa magari ya farasi. Magari yaliingia uani, na vyumba vya kulala vilifikiwa kwa roshani za mbao zilizoutazama ua huo, moja juu ya nyingine. Katika ujenzi wa namna hii uzito hubebwa na kiunzi cha nguzo na boriti. Ncha ya mti mmoja huchongwa ulimi, ulimi huingizwa katika tundu la mti mwingine, kisha hukazwa kwa kigingi cha mbao. Mbao zikipinda kwa umri, viungo huenda nazo bila kuachana.

Kilichoushinda ustadi huo ni hesabu za biashara. Mwaka 1889 kampuni ya reli iliyoimiliki nyumba hiyo ilibomoa sehemu yake kubwa, ukabaki upande wa kusini tu. Jirani yake, Tabard, ambako Geoffrey Chaucer aliwakusanya mahujaji wake wa Canterbury, nayo ilibomolewa katika karne hiyohiyo. Ikiwa heshima ya mshairi mkubwa kiasi hicho haikuiokoa Tabard, tusitegemee umaarufu.

Mabaki ya George yaliokolewa na uamuzi. Mwaka 1937 yalikabidhiwa National Trust, na leo yamo katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria. Jambo la pili lina uzito uleule: bado ni baa. Mtu wa kawaida huingia, hununua kinywaji, huketi chini ya boriti za karne ya 17. Jengo linalotumiwa hukaguliwa kila siku na macho ya wanaolihitaji.

Nitaambiwa kuwa mwenye mali ana haki juu ya mali yake. Ni kweli, lakini haki hiyo ina mpaka. Mwaka 2015 baa ya Carlton Tavern, London hiyohiyo, ilibomolewa bila kibali. Mamlaka ya eneo iliamuru ijengwe tena kama ilivyokuwa, na mwaka 2021 ilifunguliwa upya. Nakiri kwamba matofali mapya hayana umri wa yale ya zamani. Hata hivyo, amri ile iliwafundisha wabomoaji somo ambalo faini ndogo isingeweza kulifundisha.

Tukipenda majengo yetu bila kuyatungia sheria yenye meno, tutabaki na picha zake tu.