Nukta Mkato Si Pambo

Majuzi nililetewa kumbukumbu za mkutano wa kijijini: "Walihudhuria mwenyekiti, mwalimu, mweka hazina, muuguzi, katibu, mkulima." Je, ni watu watatu au sita? Mlipaji wa marupurupu alihesabu sita, na zogo likazuka! Lau mwandishi angaliandika "mwenyekiti, mwalimu; mweka hazina, muuguzi; na katibu, mkulima", tungaliwajua watatu. Nukta pacha nayo hufuata kauli kamili: "Walihudhuria hawa:", kamwe si "Waliohudhuria ni:", kosa ambalo hata wahadhiri wenzangu hulitenda.

Wanaodhani hizi ni porojo za wanaisimu na wawaulize madereva wa maziwa wa Maine, Marekani. Koma iliyokosekana katika orodha ya kazi zisizolipiwa saa za ziada iliwapa ushindi wa rufani mwaka 2017. Mwaka uliofuata mwajiri akakubali kulipa dola milioni 5.