Safari Isiyo ya Hospitali Wala ya Matanga



Mwulize mwanamke yeyote wa makamo katika mitaa yetu ya Pwani amefika Nairobi mara ngapi, naye atakuhesabia kwa vidole: mara ile mtoto alipokwenda kupasuliwa, mara ile ya arusi ya mpwawe, mara ile ya matanga, na mara ile ya kufuatia viza ya Umra. Mwulize tena, katika safari hizo ameona nini? Hapo vidole husita. Ameona basi la usiku, ameona taa za msikiti wa Mackinnon Road gari liliposimama, ameona baraza ya wagonjwa, na ameona jiko la wenyeji wake, kwani hata ugenini hakukosa kushika mwiko.

Dada yetu mkubwa ni mmoja wao. Ni mjane, umri wake umepita miaka sitini, na kila baada ya miezi minne hupanda bara kwa ajili ya presha ya macho. Tabibu amekwisha kumweleza bila ya kuficha: nuru iliyopotea hairudi, kinacholindwa kwa matone na vidonge ni ile iliyobaki. Mwezi uliopita, tulipokuwa tukipanga safari ya kliniki, alitwambia kwa sauti ya mzaha, “Mimi, ndugu yangu, Nairobi naijua kwa harufu ya dawa.” Mzaha huo ulitukosesha usingizi. Tukakata shauri na mama watoto kwamba safari hii tutaongeza siku mbili baada ya kliniki, na katika siku hizo hatutakwenda popote penye dawa.

Tunajua wapo ndugu watakaosema kuwa kumtembeza mwanamke ni kumfungulia mlango wa upuuzi. Tunawakumbusha kwa upole tu mambo mawili wanayoyajua. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.) wakiwa safarini. Na siku Wahabeshi walipocheza na mikuki yao msikitini Madina, alimsitiri Bi Aisha ili atazame, wala hakumharakisha. Alisimama naye mpaka alipotosheka mwenyewe. Stara ilikuwapo, na kutazama kulikuwapo. Mahramu ndiye anayetakiwa asimame.

Basi tukapanda treni asubuhi Miritini. Tulinuia kukaa chini ya siku nne, bila ya kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, kwa hiyo kwa madhehebu yetu ya Kishafii tulikuwa wasafiri: Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili, na ruhusa ya kukusanya. Tumelitaja hili kwa sababu wanawake wengi hutuuliza, na wengine huacha kutoka wakiogopa kuwa swala zitawapotea njiani. Ila ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, utatimiza kama yeye.

Siku ya kwanza baada ya kliniki tulianzia katikati ya mji, Msikiti wa Jamia. Aliyeuasisi mwaka 1902 ni Sayyid Maulana Abdullah Shah, miaka mitatu tu baada ya reli kutoka Mombasa kufika mahali hapo ambapo Wamasai walipaita kwa jina la maji baridi. Jengo la leo, lenye kuba tatu na minara miwili, lilijengwa kati ya 1925 na 1933. Wanawake wana mahali pao pa kuswalia, na dada alikaa humo muda mrefu baada ya Adhuhuri. Alipotoka alisema kuba amezitambua, maandishi hakuyatambua. Binti yetu akamsomea.

Ng'ambo ya barabara ipo Maktaba ya McMillan, yenye nguzo nene na simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, na kwa miaka mingi Mwafrika na Mhindi hawakuruhusiwa kuingia kusoma. Fikiria, msomaji: waumini wanatoka kuswali Ijumaa, na mbele ya macho yao vitabu vimewekwa kwa ajili ya watu wa rangi moja. Sisi wa Pwani tunajivunia kwamba maktaba iliyo kongwe kuliko hiyo nchini ni ya Seif bin Salim, iliyoko kwetu Mombasa. Lakini kujivunia si kusoma, na tungependa kujua ni wangapi katika watoto wetu wamewahi kuvuka kizingiti chake.

Baada ya hapo tulikwenda Arboretamu, upande wa magharibi wa mji, karibu na Ikulu. Hiyo ni bustani ya miti ya takriban hektari 30, iliyoanzishwa mwaka 1907. Wakati ule garimoshi lilikuwa likila kuni, na wakoloni walitaka kujua ni miti gani ikuayo upesi itakayolilisha. Wakapanda ya kutoka huku na huku ili kuijaribu. Garimoshi la kuni limekwisha, miti imebaki. Tulitandika mkeka, tukafungua mahamri na mbaazi, na tumbili mmoja akaja kama aliyealikwa, akachukua hamri moja mbele ya mama watoto, akapanda nalo juu kulila. Dada alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa leso. Ilipokaribia Alasiri binti yetu alianza kukunja vitu. Tulimzuia. Dada alikuwa amelala chali akitazama juu, na alipoulizwa anatazama nini, alisema majani yakiwa mengi hivyo hayamtaki mtu awe na macho mazuri. Ni kijani na mwanga tu, na vyote viwili anavipata. Tulikaa mpaka alipotaka kuondoka yeye.

Siku ya pili tulikwenda Karen, kwenye nyumba ya yule Baroness wa Denmark, Karen Blixen, ambayo ni jumba la makumbusho tangu 1986. Nyumba ilijengwa 1912, naye akaondoka nchini 1931 baada ya shamba la kahawa kumshinda. Pale ni juu sana, yapata mita 1,800, na baridi haikuipenda mibuni yake. Watalii huenda kwa ajili ya filamu ya 1985. Sisi tulikwenda kwa ajili ya mtu mwingine. Msimamizi wa nyumba ile kwa miaka yake yote alikuwa Msomali Mwislamu, Farah Aden, na jamaa zake wa kike waliishi katika shamba lile wakiwa na stara yao na swala zao. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1937, Bibi Blixen aliandika sehemu nzima juu ya wanawake hao wa Kisomali, kwa heshima kubwa, ingawa kwa jicho la bwana mwenye shamba. Binti yetu amekisoma. Alisimama uwanjani penye mitambo ya kahawa iliyoota kutu, akamsimulia shangazi yake habari za wanawake wale. Dada akauliza swali ambalo hatujapata jibu lake: wao wenyewe waliandika nini?

Kituo cha Twiga, Lang'ata, hatutakisimulia kwa urefu, kwani shule nyingi hupeleka watoto. Kilianzishwa mwaka 1979 ili kuwaokoa twiga wa aina ya Rothschild waliokuwa wamebaki wachache. Mgeni hupewa chakula kiganjani, na twiga huinama na ulimi wake mrefu mweusi. “Huyu,” alisema dada, “namwona mzima mzima.” Wazee wetu wa Malindi walimpeleka twiga Uchina mwaka 1415, zawadi kwa mfalme, kwa hiyo tuna haki ya kumwita jamaa.

Tuliporudi mjini tulipita Kibra, kwa rafiki yetu mmoja Mnubi. Watu wakisikia Kibra huwaza mabanda na vumbi tu. Lakini jina lenyewe ni la Kinubi, maana yake msitu, na waliolileta ni askari Waislamu wa asili ya Sudan waliopewa makazi pale na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1918 eneo lilitangazwa kuwa ekari 4,197. Mwaka 2017, baada ya miongo ya madai, Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288. Wasomaji wetu wa Pwani wanajua kupiga hesabu za namna hiyo bila ya kufundishwa.

Mke wa rafiki yetu alitutolea chakula kilichofunikwa kwa kawa la Kinubi, la rangi nyekundu, zambarau na manjano, lililoshonwa duara juu ya duara. Dada ni msukaji. Ukili ameusuka tangu utotoni, na alipoacha kuona ncha za miyaa aliendelea kwa mikono. Alilitwaa lile kawa, akalipapasa kutoka kilele hadi ukingo, akauliza, “Hili halikusukwa, limeshonwa?” Naam, lilishonwa. Wakaanza. Mmoja Kiswahili cha Mombasa, mwingine Kiswahili kilichochanganyika na Kinubi, kila mmoja akimshika mwenzake vidole kumwonyesha. Chakula kilipoa. Sisi wanaume tulikwenda kuswali Magharibi tukarudi, wao wangali wanashona.

Kwa atakayetaka kuifuata njia hii: mwananchi hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni, basi vitambulisho visisahauliwe. Chukueni mkeka wa kuswalia na chupa ya maji ya kutawadhia, kwa sababu si kila mahali pana pa kuswalia. Mwezi wa Juni hadi Agosti chukueni na sweta. Baridi ya Karen si ya kanga mbili. Na chakula kipikeni usiku wa kabla, ili siku ya matembezi aliye jikoni siku zote asiamkie jikoni.

Kliniki ijayo ni baada ya miezi mitatu. Kawa alilolianza dada kule Kibra limefika katikati, na amemwahidi mwenyeji wake atampelekea amalizie ukingo. Majirani wawili wameomba kufuatana nasi, mmoja na mwanawe wa kiume, mwingine na mumewe. Huyo mume tulizungumza naye baada ya Isha juzi. Amesema atafikiri, na atatupa jibu Ijumaa.