Nani anaulizwa jina la ndege?

Tunajua wasomaji wetu watasema: vita iko, bei ya unga inapanda kila juma, na ninyi mnatuletea habari ya ndege? Tena si ile ya kupanda kwenda Kinshasa, ni ile ya manyoya. Ndiyo, tunaileta. Juu ya ile ndege tumeona jambo moja linalotugusa sisi watu wa Kongo: nani ana haki ya kupatia kitu jina, na nani anaulizwa mbele ya kulitoa.

Twende kwanza São Tomé. Ni kisiwa kidogo katika Ghuba ya Guinea, mbele ya Gabon. Katika pori la kusini-magharibi ya kisiwa kunaishi ndege wa rangi ya kutu, mwenye mdomo munene sana, mdomo wa kuvunja mbegu ngumu. Kule wanamwita anjolô. Anakaa juu kabisa kwenye miti, hana makelele mingi, na mtu anaweza kupita chini yake siku nzima bila kumuona.

Mwaka wa 1888, mwalimu mkubwa wa wanyama kule Lisbon, Barbosa du Bocage, alipokea ngozi ya huyu ndege. Ilitumwa na Francisco Newton, aliyekuwa anakusanya wanyama na ndege kwa visiwa vile. Bocage aliangalia mdomo ule munene akasema: huyu ni jamaa ya wale ndege wafuma viota wenye mdomo mkubwa, wale wa matete ambao hata hapa kwetu Kongo wanapatikana. Akamwandika Amblyospiza concolor. Concolor maana yake ni rangi moja tu. Nyuma yake akakuja Mwitaliano Salvadori. Yeye aliona ile jamaa haifai, akamjengea anjolô nyumba yake mwenyewe, Neospiza, na akabaki humo peke yake, bila ndugu.

Hawa wote walikuwa wanabishana juu ya ngozi kavu. Newton alipata ngozi chache tu, za mwisho mwaka wa 1890. Kisha, kimya. Mwaka wa 1978 moto uliteketeza nyumba ya makumbusho ya Lisbon, na ngozi zilizokuwa pale zikaungua. Ikabaki moja tu, kule Uingereza. Mufikirie kidogo: yote ambayo sayansi iliweza kugusa ya huyu ndege ilikuwa ngozi moja ndani ya sanduku, mbali kabisa na pori lake. Wengi walishaamini amekufa wote, amekwisha. Mpaka mwezi wa nane wa 1991, wageni waliokwenda kutafuta ndege katika lile pori wakamuona akiwa mzima. Miaka 101 ilikuwa imepita. Magazeti ya sayansi yalisema “ameonekana tena”. Sisi tunauliza: yeye alikuwa amekwenda wapi?

Halafu ikafika ADN. Mwaka wa 2017 watafiti walichapisha matokeo yaliyomaliza ubishi wa zaidi ya miaka mia moja. Anjolô si mfuma kiota. Tena si ndege wa pekee asiye na ukoo. Ni chiriku! Ndiye chiriku mkubwa kuliko wote wa dunia, anapita yule anayemfuata kwa uzito karibu nusu nzima. Na ndugu yake wa karibu kabisa ni chiriku mdogo wa kahawia anayeishi katika visiwa vile vile, mmoja ambaye watu wanamuona kila siku. Ndugu yake alikuwa mlangoni, na wakubwa wa Ulaya walikuwa wanamtafutia ukoo mbali.

Kosa lilitoka wapi? Lilitoka kwa mdomo. Kisiwani ndege anafika, anakuta chakula ambacho hakuna mwingine anakila, na kwa muda ambao si mrefu sana mdomo wake unakua kufuata zile mbegu. Kwa ndege, mdomo ni kama kazi ya mtu, si ukoo wake. Ukikuta fundi wa chuma na karani wa ofisi, utaona mikono yao haifanani hata kidogo. Utasema basi hawakunyonya titi moja? Bocage na Salvadori hawakuwa wajinga. Lakini walihukumu kwa mkono, sababu hawakuwa na kitu kingine mezani.

Leo jina lake linaandikwa hivi: Crithagra concolor (Bocage, 1888). Muangalie vizuri yale mabano. Sheria ya majina ya wanyama inasema: jina la pili, lile la aina yenyewe, aliyelitoa wa kwanza analibakisha milele. Kama baadaye ndege amehamishwa kwa jamaa nyingine, jina la huyo mtu linafungwa katika mabano. Ni hayo tu. Mtu alikosea ukoo, na malipo yake ni mabano mawili, na heshima yake inabaki. Hatukatai hiyo sheria. Bila hiyo, kila profesa angeandika jina lake, na hatungejua tena tunaongea juu ya ndege gani.

Kuna wanaosikitika. Wanasema: anjolô alipokuwa peke yake katika nyumba yake, wafadhili walimuona wa thamani zaidi, sasa ni chiriku kama machiriku mengine, feza zitapungua. Sisi hatukubali. Ukweli wa ukoo wake hauwezi kuwekwa pembeni juu ya feza, na chiriku mkubwa kuliko wote wa dunia haiko habari ndogo.

Tena mara nyingine hesabu inakwenda upande mwingine. Kisiwani Príncipe, jirani wa São Tomé, kuna ndege mwimbaji aliyehesabiwa kwa muda mrefu kuwa mmoja na yule wa São Tomé. Walipopima ADN, wakaona ni aina mbili. Mara moja yule wa Príncipe akaingia katika orodha ya walio katika hatari kubwa kabisa ya kuisha. Ndege hakubadilika hata unyoya mmoja. Kilichobadilika ni karatasi. Kumbe karatasi inaweza kumuokoa ao kumuacha afe. Anjolô mwenyewe, wakubwa wake wanakadiriwa kuwa chini ya 250, na pori lake limepakana na mashamba ya mawese. Hatuna lazima ya kueleza Wakongomani mambo ya pori na mashamba ya mawese.

Sasa turudi kwa majina. Kule São Tomé kuna ndege mwingine anaitwa newtoni, ya Newton yule yule. Kuna kwarara mdogo wa msituni anaitwa bocagei, na jina hilo lilitolewa mwaka wa 1923 na James Chapin, Mmarekani. Huyu Chapin tunamjua hapa kwetu. Ndiye aliyepata unyoya Ituri mwaka wa 1913, kwenye kofia ya mwenyeji, akakaa nao mpaka 1936. Mwaka huo akakuta ndege wawili wakavu katika makumbusho ya Tervuren, wamewekewa karatasi ya uongo kwamba ni tausi wa kuletwa. Ndipo dunia ikatangaziwa tausi wa Kongo. Yule aliyemwinda na kujivika unyoya wake kichwani jina lake haliandikwi popote. Chapin huyo huyo, mwaka wa 1932, alichukua chozi mzuri mwekundu wa milima yetu ya mashariki akamwita rockefelleri, kwa heshima ya kijana wa ukoo wa Rockefeller aliyekuja safari ya kukusanya ndege. Mpaka leo, katika milima ile ile ambako watu hawana hata umeme, kuna ndege wa Rockefeller.

Hatusemi majina haya yafutwe. Yamekwisha kuandikwa, na kuyabadilisha kutaleta fujo kuliko faida. Lakini mwaka wa 2022 jambo lingine lilifanyika Príncipe, na tunalipenda. Watafiti walitangaza bundi mpya wakamwita Otus bikegila. Bikegila ni jina la utani la Ceciliano do Bom Jesus, mtu wa kisiwa, zamani mkamata kasuku, leo mlinzi wa hifadhi. Yeye ndiye aliyewapatia habari za bundi na kuwaongoza porini. Bundi si mwimbaji, tunajua. Lakini jina lake limefunga mdomo wa wale wanaosema haiwezekani.

Ndiyo maana tunageukia kwetu. Lwiro, kule Sud-Kivu, kuna kituo cha utafiti kilichojengwa wakati wa Wabelgiji, na humo kuna ndege wakavu waliokusanywa katika misitu yetu. Universite zetu nazo ziko na wanafunzi wa biolojia wanaotafuta kazi ya mémoire kila mwaka. Mambo mawili tu tunaomba. Kwanza, ngozi ao damu ikitoka Kongo kwenda labo ya ng'ambo, nusu ibaki hapa. Lisbon ilituonyesha kitu moto unaweza kufanya. Pili, katika daftari, kando ya jina la Kilatini, kuwe na mistari miwili mingine: jina la ndege kwa Kirega, Mashi, Kinande ao Kihunde, na jina la mtu aliyemuonyesha mtafiti ndege yuko wapi. Mistari miwili haiombi bajeti ya serkali. Kalamu inatosha.