Kabla Hujampigia Mdosi Makofi, Uliza Mchanga Ulitoka Wapi



Tuseme ukweli leo. Mtu akishuka kwenye gari kubwa nje ya msikiti, ni sisi wenyewe tunakimbia kumfungulia njia. Akitoa laki moja ya madrasa tunampiga picha, tunaiweka mtandaoni na kuandika "Mashallah, ameomoka!" Pesa imetoka wapi? Hilo haliulizwi. Ukiliuliza unaambiwa una wivu.

Hebu tulipeleke swali hilo Kitui na Makueni, kwa sababu kule jibu lake unaliona kwa macho. Liko mtoni.

Ukambani mito mingi ni ya msimu. Mvua ikiisha unaona mchanga mkavu tu, lakini chini yake maji yapo. Mchanga unayaficha jua lisiyakaushe. Wakati wa kiangazi, mama akienda Mto Kaiti, Thwake ama Tiva, anafukua shimo, anasubiri maji yajikusanye, kisha anayateka kidogo kidogo mpaka mtungi ujae. Punda anabeba. Kwa familia nyingi huo ndio mfereji wao.

Na watu wa huko hawakukaa tu kungoja serikali. Kwa mwethya, yaani kazi ya kusaidiana kijijini, wamejenga mabwawa ya mchanga. Unajenga ukuta wa mawe na saruji kukingama mto. Mafuriko yakija yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanabaki ndani ya huo mchanga miezi mingi baada ya mvua. Kitui pekee kuna mamia ya kuta kama hizo. Wanakijiji, wengi wao akina mama, walisomba mawe yale kwa mikono yao.

Sasa lori linakuja usiku.

Nairobi inajenga. Ghorofa juu ya ghorofa, na kila ghorofa inataka mchanga. Kijana wa kijijini anayepakia lori kwa sepetu anapata pesa ya kula siku hiyo. Broka anaongeza yake, mwenye lori anaongeza yake, mwenye yadi naye yake. Bei inapanda kila mkono inapopita, na anayebaki na kikubwa huenda hajawahi kukanyaga mto ule. Nyuma panabaki mwamba. Mvua ikinyesha maji yanapita mbio na kwenda zake, hakuna cha kuyashika. Mama anatembea mbali zaidi, na mtoto anachelewa shule kwa sababu ametumwa maji kwanza.

Hiyo gharama haiko kwa risiti ya mtu yeyote. Ghorofa limekamilika, mwenyewe anaitwa mwekezaji, na aliyelipia hata jina lake halijulikani. Kuna waliojaribu kupinga wakaumizwa. Makueni watu wameuawa katika vita vya mchanga, polisi wakiwemo.

Ndiyo maana tunasema shida ya nchi hii si uhaba wa mali peke yake. Shirika la Oxfam lilikadiria kwamba Wakenya wasiozidi 8,300 wana mali kuliko Wakenya wengine wote zaidi ya milioni 44 wakiwekwa pamoja. Pengo kama hilo halitokani na bidii peke yake. Linataka pia watu wasiouliza, na linataka watu wa kupiga makofi.

Wewe umesoma kisa cha Qaruni katika Suratul Qasas. Alitoka mbele ya watu wake amejipamba, na waliotamani dunia wakasema laiti na sisi tungepewa kama yeye. Qaruni mwenyewe alidai mali ile aliipata kwa ujuzi wake. Leo angesema ni hustle yake. Kisha ardhi ikammeza, yeye na nyumba yake, na wale wale waliomtamani jana wakabaki kujuta. Angalia vizuri: kisa hakimtaji Qaruni peke yake. Kinawataja pia waliokuwa kando ya njia wakimtazama kwa tamaa. Huko ndiko tuliko sisi na simu zetu.

Lakini tusikosee upande wa pili. Hatusemi kila tajiri ni mwizi. Sayyidna Uthman (RA) alikuwa tajiri mkubwa, na alikinunua kisima cha Ruma pale Madina akawaachia watu wachote bure. Kipimo ni hicho: baada ya mtu kutajirika, watu wameongezewa maji ama wamepunguziwa? Mwenye duka Kitui mjini ama mwenye hoteli Emali anayelipa wafanyakazi wake kwa wakati na hapunji mizani, huyo mheshimu. Amefanya kazi yake. Na ukumbuke zaka ni ya kuitakasa mali ya halali. Mali ya dhuluma haisafishwi kwa kutoa asilimia 2.5. Dawa yake ni kuirudisha kwa mwenyewe.

Pia tusimalizie hasira kwa mnyonge mwenzetu. Mwanzoni mwa 2018 Gavana Charity Ngilu alipopiga marufuku makaa na mchanga kutolewa Kitui, lori la makaa lilichomwa, na kabla moshi kutulia mjadala ulikuwa umegeuka wa kabila hili na kabila lile. Kwa kelele ile, nani alikumbuka kuuliza faida kubwa ya biashara ilikuwa inaishia kwa nani? Dereva si mdosi. Kijana wa sepetu si mdosi. Ukimpiga huyo, mdosi anatafuta mwingine kesho asubuhi, kwa sababu njaa iko.

Basi tufanye nini?

Kwanza, ijue sheria. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015 na kuunda mamlaka ya kuusimamia, kwa hivyo mtu akikwambia haiwezekani, mwambie kaunti moja ilishaanza. Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inakupa haki ya maji safi. Kifungu cha 69 kinaitaka serikali ihakikishe faida ya maliasili inagawanywa kwa haki. Na Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu yeyote kwenda kortini kutetea mazingira, bila hata kuthibitisha kwamba yeye binafsi amepata hasara. Maana yake wewe wa Mombasa, Garissa ama Eastleigh unaweza kusimama kwa ajili ya mama wa Mto Tiva.

Pili, uliza kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma na kuuliza: nani amepewa kibali cha kuchota mchanga mto huu, ada imelipwa kiasi gani, na pesa hizo zimefanyia mto kazi gani? Wana siku 21 za kukujibu. Barua moja wanaweza kuiweka kwa droo. Barua arobaini kutoka kwa vijana arobaini ni ngumu kufichwa.

Tatu, na hii haihitaji wakili: punguza makofi. Kamati ya msikiti na ya madrasa iwe na ujasiri wa kumuuliza mfadhili chanzo cha pesa, na ikibidi imwambie ahsante, hii hatuchukui. Najua inauma wakati paa linavuja. Lakini tukilipokea begi bila swali, kesho hatuna mdomo wa kumkosoa aliyelileta. Tutakuwa tumeuziwa ukimya wetu wenyewe, tena kwa bei ya mabati.

Mtaani kwako pia kuna mto wako. Pengine ni uwanja wa watoto ulionyakuliwa, pengine ni ufuo, pengine ni dawa zisizofika zahanati. Kabla hujaandika "Mashallah" chini ya picha ya mtu, jiulize ni nani amelipia. Ukipata kwamba aliyelipia ni jirani yako, basi usiandike Mashallah. Andika barua.