Piano na Mtoto wa Diff

Yako maneno, msomaji, yasemwayo kwa sauti ya hekima na hekima yenyewe haimo ndani yake. Mojawapo ni hili: kwamba mtoto wa Diff, huko Wajir karibu na mpaka wa Somalia, hana haja ya kujua wapigaji piano wa jazi wanavyopanga sauti zao, kwamba elimu hiyo ni mali ya New York, na yeye wamtosha wimbo wa kunyweshea ngamia. Asemaye hivyo haijui piano, wala haujui wimbo.

Nyimbo nyingi za Kisomali hujengwa kwa sauti tano: do, re, mi, so, la. Mwaka 1959, huko New York, Bill Evans alipiga piano katika sahani ya Miles Davis iitwayo Kind of Blue. Katika wimbo wake wa kwanza, So What, vidole vyake vilishika sauti tano kwa pamoja, na mpango huo hufunzwa wapigaji wa jazi hata leo kwa jina la wimbo huo. Utaje kutoka chini kwenda juu: la, re, so, do, mi. Je, ipo hata moja iliyo ngeni Diff? Kilicho kipya ni nafasi zilizo kati yake. Kutoka la hadi re ni pana, re hadi so vivyo hivyo, so hadi do vivyo hivyo. Do hadi mi tu ndipo panapobana kidogo. Kwa hiyo husikika kama mlango ulioachwa wazi.

Wengine hudai kwamba udi, yaani kaban, hufuata wimbo mmoja, na kuutilia sauti za piano ni kuuharibu. Abdullahi Qarshe, aliyezaliwa Moshi mwaka 1924, alipiga udi, gitaa na piano, na Wasomali humwita baba wa muziki wao. Aliharibu nini?

Sina ugomvi na shule isiyo na piano. Ugomvi wangu ni na afanyaye hilo kuwa udhuru. Simameni wanafunzi watano. Wenye sauti nene washike la na re, wengine so, do na mi, wala mtu asiiache yake. Kisha nyote mshuke pamoja hatua moja nzima, kama Evans alivyoshuka. Na atakayeipata piano aanze na vibao vyeusi: navyo huenda vitano vitano, kwa sauti zile zile.