Kabla ya Kununua Jenereta, Hesabu Wati

Wakati wa mgao wa umeme, mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024, kwetu Mbagala jenereta ziliunguruma kila jioni. Moshi wa ile ya jirani uliingia chumbani kwa bibi yangu mwenye pumu. Jirani hakukusudia ubaya. Alitaka mwanga tu.

Bwawa la Julius Nyerere limeleta nafuu, lakini nguzo bado huanguka na transfoma huungua. Maoni yangu ni kwamba familia ya kawaida ianze na betri na inveta. Taa nne za wati 5 na feni ya wati 50 ni wati 70. Kwa saa tano, wati-saa 350. Betri ya volti 12, ampea-saa 100, hata ukitumia nusu yake, hutoa takribani 600. Pasi na jiko la umeme visubiri.

Mwenye majokofu ya biashara huenda akahitaji jenereta. Basi aiweke nje, mbali na madirisha, yake na ya wengine: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Amri ya kumpenda jirani haikatiki umeme unapokatika.