Mbwa Dume Hachaguliwi kwa Rangi Yake

Huenda wenzangu wakacheka wakiona kwamba mwanafunzi wa kidato cha sita ameacha mambo ya siasa na ya mitihani, akaandika habari za kumtafutia mbwa mume. Na wacheke. Karo yangu ya mwaka huu ilitazamiwa kutoka katika tumbo la mbwa, na kwa hiyo jambo hili kwangu si mchezo.

Mjomba wangu ni mfunza mbwa. Usiku wa tarehe 11 Julai 2010 mabomu yaliua watu zaidi ya 70 mjini Kampala, wengi wao wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Tangu siku ile upekuzi wa magari milangoni mwa hoteli umekuwa jambo la kawaida, na mjomba hufunza mbwa wa kunusa baruti kwa ajili ya kazi hiyo. Mbwa wake aliye bora ni jike mweusi wa jamii ya Labrador, jina lake Tumaini, mwenye umri wa miaka minne. Asili ya jamii hii ni mbwa wa wavuvi wa Newfoundland, Kanada, waliopelekwa Uingereza wakazalishwa kwa kazi ya kuokota ndege waliopigwa bunduki. Ndiyo maana Labrador hupenda mno kutafuta kitu na kumletea bwana wake, naye hatosheki mpaka akione.

Mwaka jana mjomba alikata shauri kumzalisha Tumaini. Mara akatokea jirani mmoja, ambaye jina lake silitaji, mwenye dume wa rangi ya chokoleti, kichwa kipana, manyoya yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Jirani hakutaka fedha. Alitaka mtoto mmoja tu wa mbwa. Mjomba alifurahi sana. Akaniambia, "Mpwa wangu, mchagua jembe si mkulima. Dume tumepata, tena bure, na chokoleti hununuliwa upesi."

Nikamjibu, "Niwie radhi, mjomba, lakini jembe huazimwa na kurudishwa. Damu ikiisha kuingia hairudishwi."

Sikusema hivyo kwa ujuvi. Nilikumbuka jike wake wa kwanza, aliyepandishwa kwa dume mwenye sura nzuri, akazaa watoto saba. Watatu kati yao walianza kuchechemea kabla ya kutimiza miaka miwili. Mmoja alikuwa amekwisha kufunzwa kwa miezi minane, lakini hakuweza kuruka ndani ya lori. Mnunuzi alimrudisha, na mjomba akalipa fedha za watu. Ugonjwa ule ni wa nyonga: kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa katika shimo lake. Labrador wengi huupata, nao hutoka kwa wazazi, ingawa unene na malezi huuzidisha. Kwa macho hauonekani mpaka umekomaa. Sharti mbwa apewe dawa ya usingizi, apigwe picha ya eksirei. Waganga wa wanyama wa Uingereza huzipa picha hizo alama, kila nyonga kuanzia 0 mpaka 53, na yenye alama chache ndiyo njema. Viwiko navyo hupimwa, kuanzia 0 mpaka 3. Basi swali la kwanza la kumwuliza mwenye dume si bei wala rangi. Mwambie, "Tafadhali, nionyeshe picha za nyonga na viwiko."

Jirani alipoulizwa alikasirika. Akasema, "Mbwa wangu mzima, hamwoni anavyoruka?" Naam, hata wale watatu walikuwa wakiruka walipokuwa wadogo.

Jambo la pili ni gumu zaidi, maana hata eksirei hailioni. Tuliojifunza elimu ya viumbe twamkumbuka mtawa Gregor Mendel, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri mjini Brno, akachapisha aliyoyaona mwaka 1866. Alituonyesha kwamba mzazi aweza kubeba jambo lisiloonekana mwilini mwake, nalo likatokea kwa watoto. Katika Labrador uko upofu wa namna hiyo, unaoingia polepole, na aghalabu hujitokeza mbwa akiwa amekwisha kukomaa. Mbwa mwenye jeni moja mbovu haugui, ila ni mbebaji. Wabebaji wawili wakipandana, kwa wastani mtoto mmoja katika kila wanne atapata jeni mbovu mbili, naye huyo ndiye wa kupofuka. Lakini mbebaji akipandwa na dume aliye safi, hapatikani hata mmoja mwenye ugonjwa huo. Nusu yao, kwa wastani, watakuwa wabebaji tu. Kipimo chake ni kusugua ndani ya shavu la mbwa kwa kijiti maalumu na kukipeleka maabara, hata kwa posta.

Tulimpima Tumaini. Nyonga zake ni nzuri, lakini ni mbebaji wa upofu huo. Wengine walishauri asizalishwe kabisa. Mimi nasema hilo ni kosa. Tukimtupa kila jike mwenye doa moja, tutabaki na mbwa wachache mno, na uchache huo ni ugonjwa wa pili. Jike wa namna hii na azae, ila dume wake sharti awe amepimwa akaonekana safi.

Tena tulipochungua ukoo wa yule chokoleti, tuligundua kwamba baba yake ndiye baba yake Tumaini. Katika nchi yenye Labrador wachache, dume mmoja akisifiwa kila mtu humkimbilia, na baada ya miaka michache mbwa wote huwa ndugu. Watoto wa ndugu wa baba mmoja, kwa hesabu, sehemu moja katika kila nane ya jeni zao hutazamiwa kuwa jozi zilizotoka kwa babu yule yule. Na kama jeni ya upofu ilitoka kwa babu huyo, twaweza kuikuta pande zote mbili. Hapo mjomba alinyamaza.

La tatu ni kazi yenyewe. Tumaini ana pua kali, lakini hushtuka kidogo asikiapo kishindo cha ghafla. Basi dume wake asiwe na kasoro hiyo hiyo. Amtimizie pale alipopungukiwa. Mbwa wa kazi hajulikani akiwa amelala barazani. Mpeleke sokoni, kwenye sakafu ya kuteleza, penye malori yanayonguruma. Fiche kitu, uone kama atatafuta kwa bidii au atageuka kumtazama bwana wake. Mtazame na mbavu pia. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2016 ulionyesha kwamba karibu robo ya Labrador waliopimwa walikuwa na jeni yenye upungufu unaowafanya wapende sana chakula. Ulafi humsaidia mfunzaji, maana mbwa hufanya lolote kwa tonge moja, lakini mwenye mbwa asiyeuzuia huwanenepesha mpaka wakalemewa na viungo.

Najua wako watakaoniuliza, "Mbona mbwa wa kijijini hujizalia wenyewe, na ni wazima?" Ni kweli. Lakini mbwa wa kijijini ni wengi na damu zao ni mbali, na walio dhaifu hufa bila ya kuandikwa popote. Labrador amefungiwa katika ukoo mmoja kwa mikono ya watu. Aliyeufunga mlango ndiye apaswaye kuangalia ni nani yumo ndani.

Tulimkataa dume wa jirani, na majira ya Tumaini yakapita. Mbwa jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo ilitupasa kungoja. Karo yangu mjomba aliilipa kwa kuuza mtamba wake mmoja. Mke wake hakupendezwa, wala simlaumu. Mimi nami husoma nikijua kwamba niko darasani kwa sababu ng'ombe hayuko zizini.

Sasa dume tumempata ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya. Ni mweusi, sikio moja limechanika, na hapana atakayempiga picha ya kalenda. Lakini picha za nyonga na viwiko ziko na ni njema, kipimo cha macho ni safi, ukoo wake hauhusiani na wa Tumaini, na mjomba alimwona akifanya kazi usiku kucha penye makelele bila ya kutikisika. Tumaini akiingia joto atapimwa damu ili siku ijulikane, na baada ya kupandwa tutahesabu siku kama 63.

Mbwa anayenusa chini ya gari ameaminiwa na watu wasiolijua hata jina lake. Wamo ndani wanakula, wanacheka, wanaoa. Kama macho yake au nyonga zake zitamshinda, kosa halikuanza mlangoni pale, lilianza siku mtu aliposema, "Huyu mzuri, tena bure." Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye maoni mengine na aandike.